Kiti cha Kabula

Jumatatu, 3 Machi
Nimemfunga Kabula kwenye kiti chake cha gari, kama kila asubuhi. Hatujafika lami akaanza kukohoa. Macho mekundu. Kiti ni kipya. Masanja anajivunia kumnunulia mwanawe, na hataki nailoni ibanduliwe kisije kikachafuka. Gari likikaa juani, harufu ya kile kiti inanikaba hata mimi. Jumamosi tunampeleka mtoto Bujora kwa bibi yake, mama yake Masanja, ambaye hajamwona tangu azaliwe. Goti halimruhusu kusafiri. Miezi tisa anasubiri.

Jumanne, 4 Machi
Nimebandua nailoni bila kuomba ruhusa. Harufu imezidi. Lebo inasema kitambaa na sponji vimetiwa dawa ya kuzuia moto na madoa. Dawa gani, hawasemi. Nimerudi dukani kuuliza. Muuzaji: "Dada, hiyo ndiyo harufu ya upya." Nimetoka bila kuaga.

Jumatano, 5 Machi
Tumegombana. Masanja anasema nimpakate tu, mbona sisi tulikua bila viti. Ndiyo. Na mtoto wa jirani alichomoka mapajani mwa mama yake breki iliposhikwa ghafla, kidevu kikashonwa. Simpakati. Wala simrudishi kwenye kile kiti, kifua kinakoroma. Naogopa huku na naogopa kule.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Ilemela, mwalimu mmoja anauza kiti cha mwanawe aliyekua. Kitambaa sufu tupu, lebo inasema wazi hakikutiwa dawa. Hakijawahi kupata ajali. Nimekagua mikanda, na muda wa kiti kutumika haujaisha. Nimenusa kila kona kama mbuzi mpaka mwalimu akanicheka. Hakinuki kitu. Nimevua kitambaa, nimekifua, nimekianika. Nina furaha ya kijinga.

Ijumaa, 7 Machi
Siamini nilichofanya. Kwetu mtumba hauvuki kizingiti kabla ya kupuliziwa dawa ya kunguni. Mama alitulea hivyo. Asubuhi nimetoka na kopo, nikapulizia kitambaa pale pale kambani, mbele, nyuma, mishono yote, huku kichwani napanga nguo za safari. Nimemaliza ndipo harufu ikanifikia.

Mimi. Mimi niliyemfokea kila mtu habari za sumu.

Nimekaa chini uani nikalia. Masanja hakucheka. Afadhali angecheka. Nimekifua mara nne. Bado kinanuka.

Jumamosi, 8 Machi
Hatukwenda. Nimempigia mama mkwe nikamweleza yote, hata la kopo. "Haya, mwanangu," akasema, akakata simu. Amekasirika, na ana haki. Kuku wa kutupikia kule Bujora alikuwa keshafungwa kamba. Masanja hasemi nami isipokuwa kuulizia chumvi. Nimefua tena. Mvua ikanyesha, nimehamishia kitambaa barazani. Najichukia leo.

Jumapili, 9 Machi
Tumerudi kutoka kanisani kwa miguu, Kabula mgongoni. Mama mkwe tumemkuta barazani kwetu, mguu kaunyoosha, kuku yuko kwenye kapu. Kutoka Bujora mpaka Mkolani na goti lile. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Nipe mjukuu wangu." Hakuuliza kingine. Kabula kamshika pua, hakulia. Masanja alisimama mlangoni akiwaangalia, kisha akaniletea maji ya kunywa.

Siku tatu sasa mtoto hajakohoa.

Jioni mama mkwe alikivuta kitambaa kambani, akakinusa taratibu, akanipa na mimi ninuse.

"Bado," akasema.

"Bado, mama."

Nikajaza beseni. Akasogeza kigoda, akakunja mikono ya gauni, tukafua wawili.