Funguo za Ghala

Jumapili, mwezi wa tatu bila mvua

Leo nimefundisha kanisani habari za Nuhu, na sijui kama nitaweza kuzifundisha tena.

Niliwaambia watu kwamba hukumu inakuja, na wasioamini watabaki nje kama wale wa gharika. Shangazi yangu Matika, ambaye hajabatizwa, akauliza, "Mlango wa safina aliufunga nani?"

Nikamjibu kuwa ni Mungu mwenyewe.

Mchana alirudi na wajukuu wawili kuomba mtama. Askari wa Mjerumani wamechukua magunia mengi, na Mzungu wa misheni ameagiza kilichobaki wapewe waliobatizwa tu. Funguo za ghala ninazo mimi.

"Shangazi, siruhusiwi," nikamwambia.

"Huu mlango hajaufunga Mungu, mwanangu. Umeufunga wewe."

Hakukasirika. Alimbeba mjukuu mdogo mgongoni, akamshika mkubwa mkono, wakafuata njia ya bwawa la Bahi, labda watapata kambare kwenye matope. Niliwatazama mpaka wakapotea machoni.

Jua lilipokaribia kuzama nilifungua ghala, nikajaza mtama kikapuni, nikawafuata mbio. Giza likaingia kabla sijawapata. Niliita, niliita tena. Nimerudi na mtama wote.

Miaka yote hii nimewaogopea wengine hukumu. Leo naogopa yangu.

Alfajiri nitatoka tena, Mzungu aseme atakalo. Lakini yule mdogo hakuwa na nguvu hata ya kulia, na Bahi ni mbali. Ee Bwana, kwa nini sikufungua mchana?