Maswali Niliyokuficha, Salma

Mdogo wangu Salma,

Mama kaniambia siku hizi unalala umekaa, mito mitatu mgongoni, maana ukilala chali pua inaziba. Nikaingia chumbani nikacheka. Kicheko kilipoisha nikaona aibu, ndipo nikashika kalamu. Waache na wengine wasome, maana madada wa aina yangu tuko wengi.

Ulipozaliwa, bibi alikuwa hapa hapa Temeke. Siku arobaini, kila asubuhi, alichovya vidole kwenye mafuta ya nazi ya vuguvugu, akakubana pua na kuivuta taratibu ili ichongoke. Mimi nilikuwa na miaka sita, kazi yangu kushika kibakuli cha mafuta. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, na mie je?"

"Wewe ushakomaa, mjukuu wangu. Ulipozaliwa mie nilikuwa Kilwa."

Basi, yakaishia hapo. Sijui kama ni vidole vya bibi au ulizaliwa nayo tu, ila wageni wakiingia kwetu hawakumaliza hata salamu. "Mashallah, huyu mtoto kachongwa!" Halafu wananigeukia mimi, wananiuliza niko darasa la ngapi.

Ndiyo maana mwaka jana nilikwenda kwa daktari wa upasuaji wa pua, mjini. Hukujua, wala mama hajui mpaka leo. Yule daktari alikaa na mimi karibu saa nzima. Alinikataza kuipima pua yangu kwa picha za simu, kwa sababu kamera ikiwa karibu huikuza pua. Akasema daktari yeyote nitakayemwendea anionyeshe pua alizozifanya zikiwa zimetimiza mwaka, kwani uvimbe hushuka polepole na pua ya mwezi mmoja inadanganya. Nimuulize pumzi itapitaje, na mambo yakienda kombo nani atayarekebisha. Mwisho akaniuliza, "Unafanya kwa ajili ya nani?" Nikashindwa kulitaja jina lako. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Miezi minne baadaye ukanipigia kutoka Maskati, kwa mumeo. Unauza udi kwa video, ukasema kwenye simu pua inaonekana nene. Nene! Pua ile!

"Dada, naipunguza kidogo tu. Kuna daktari Uturuki, siku chache nimerudi. Kuna kitu natakiwa kumuuliza?"

Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Maneno yote ya daktari nilikuwa nayo mdomoni, moja baada ya jingine. Nikakujibu, "Mie najua nini, mdogo wangu? Fanya roho yako inavyotaka." Ukanishukuru, Salma. Ulinishukuru kabisa.

Nilitaka iharibike. Nimeandika, na sifuti.

Ukaenda Uturuki, na sasa imeharibika. Daktari wa huko Maskati kakwambia usubiri mwaka utimie kabla ya kuguswa tena, na anataka picha inayoonyesha pua ilivyokuwa. Ukaniomba ile ya Idi, uliyopigwa umegeuka ubavu ukimcheka shangazi. Nimeikalia wiki tatu. Nilikwambia simu ina matatizo, nikakudanganya. Ukweli ni kwamba nilikuwa naifungua kila siku kuitazama, na nilipenda kuwa mimi ndiye niliyebaki na pua yako.

Leo asubuhi nimekutumia. Nimekutumia na maswali yote, safari hii sijabakiza hata moja. Mwonyeshe daktari, na asipokujibu vizuri, nyanyuka uondoke kama nilivyoondoka mimi.

Ila usidhani wivu umenitoka. Kila alfajiri mama akimaliza kuswali anakuombea pumzi, analia, nasikia kila neno. Mimi pua yangu haijawahi kupitisha hewa vizuri tangu utotoni. Nakoroma chumba cha pili, naye anachofanya ni kuja kunifungia mlango.

Upone, mdogo wangu. Nakuombea kwa nusu ya roho, hiyo nusu nyingine bado nabishana nayo.

Dada yako