Mkono Wangu Uliungua Nikicheka

Ujumbe huu uliingia kwenye simu ya kipindi chetu cha redio, Lodwar, asubuhi ya leo Alhamisi.

Shangazi Napeyok, nakusalimu sana, na unisamehe makosa ya kuandika kwa sababu naandika kwa kidole gumba cha kushoto peke yake, mkono wa kulia ndio umenileta kwako, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimeshtuka na tangu jana sijaacha kushtuka.

Naitwa Nyuon, Mnuer wa Sudan Kusini, nimelelewa hapa kambini Kakuma na babu yangu Mzee Kong pamoja na dada yangu Nyariek, na ukiniuliza kazi yangu nitakwambia ni gemu, ile ya mpira wa miguu ya kwenye televisheni, unashika padi kwa mikono miwili, gumba la kushoto linakimbiza mchezaji na la kulia linabonyeza pasi na mashuti, tunacheza kwa Magloire, Mkongomani mwenye banda la gemu karibu na soko, na Shangazi si kujisifu lakini hakuna mtu amewahi kukaa na mimi kwenye benchi la Magloire akaondoka anatabasamu. Ndiyo maana nikachaguliwa kuja Lodwar Jumamosi hii kucheza na vijana wa huko, na kibali changu cha kutoka kambini kimepatikana, na wewe uliye Lodwar huenda hujui kibali ni kitu gani kwetu, mimi tangu niletwe hapa nimebebwa mgongoni sijawahi kwenda mji mwingine, Lodwar naijua kwa redio yako tu.

Tulipoambiwa kuna mashindano nikaanza mazoezi ya kupita kiasi, nikawa nafungua banda na Magloire na kulifunga naye, hata kula nilikuwa nakula na padi mapajani, na mkono ukaanza mambo yake, kwanza gumba na vidole viwili vinavyolifuata vikawa vinakufa ganzi, nakung'uta mkono mpaka vinarudi, halafu kifundo cha mkono kikaanza kuuma na maumivu yakapanda hadi begani, ikafika siku nikashindwa kufungua kifuniko cha jerikeni, Nyariek akanifungulia na kunitazama. Akaniambia niende kliniki na padi niiache kwanza. Hata Magloire alinivuta pembeni akauliza, "Mkono yako iko namna gani?" nikamjibu iko sawa, kwa sababu pale bandani kuna Biar, Mdinka, ni rafiki yangu lakini ana mdomo, na yeye ndiye mchezaji wa akiba, mimi nikianguka anakwenda yeye. Na siku moja mbele ya watu wote alinitazama usoni akauliza kwa utani kama kweli mimi ni Mnuer, maana paji langu la uso ni laini kama la mtoto.

Babu anayo kwenye paji ile mistari sita ya kisu ya wanaume wa Kinuer, kutoka sikio hadi sikio, mimi sina, nimekulia shule za kambi na hakuna aliyenikata, na utani ule Shangazi uliniuma kuliko mkono. Nikakumbuka hadithi ambayo babu ametuhadithia tangu tuko wadogo, kwamba alipokuwa kijana kwenye kambi ya ng'ombe alivalishwa bangili za chuma mkono wa kushoto, zimebana kabisa, mkono ukavimba na kutoa vidonda na yeye hakufungua mdomo, akazivaa misimu mingi na wasichana wakamtungia wimbo. Kila akimaliza hadithi hiyo anaupapasa mkono huo anatabasamu peke yake. Nikajiambia kumbe dawa ya maumivu iko kwetu nyumbani na mimi natafuta kliniki, nikaenda kwa fundi wa bodaboda nikaomba kipande cha tyubu, nikakata ukanda, nikauzungusha kwenye kifundo cha mkono wa kulia, nikavuta kwa meno na kufunga fundo.

Na ilifanya kazi, hapo ndipo nilipopotea, maumivu yaliisha Shangazi, siku ile nilimfunga Biar magoli mpaka akaweka padi chini na kutoka nje kunywa maji. Tangu hapo tyubu naivaa kutwa nzima chini ya shati la mikono mirefu, nailegeza kidogo wakati wa kulala, watu wakiuliza shati la namna hiyo la nini kwenye joto la Kakuma nawaambia ni staili. Babu anaona silalamiki tena, anafurahi, hajui kitu.

Sasa jana Nyariek alikuwa nje anapika kisra, ule mkate wetu mwembamba unaomiminwa juu ya bamba la chuma la moto, mimi nimechutama karibu yake namsimulia jinsi benchi la Magloire lilivyovunjika na yeye mwenyewe amelikalia, tunacheka wote wawili, nikaegemea mkono bila kuangalia naegemea wapi. Nikasikia harufu nzuri. Nikamuuliza, "Leo mmepata nyama?"

Nyariek akageuka, kicheko kikamkatika, akaushika mkono wangu na kuunyanyua kutoka kwenye bamba.

"Nyuon," akasema, "hiyo si nyama. Ni mkono yako."

Kipande cha ngozi ya kiganja kilibaki pale kwenye chuma. Mkono wangu uliungua na mimi nilikuwa nacheka, sikusikia moto, sikusikia chochote, mpaka naandika sasa hivi sisikii, na hilo ndilo linaloniogopesha, afadhali ningepiga kelele. Babu nimemwambia ni chai ilinimwagikia. Nyariek analia anataka kukata tyubu na mimi nimekataa, kwa sababu nikiilegeza maumivu yote yanarudi kwa pamoja na keshokutwa ni mashindano, nimejifunga kitambaa juu ya kiganja, vidole vimevimba, vina rangi ya kijivu na ni baridi hata nikivianika kwenye jua hili letu.

Shangazi, naomba uniambie nifunge namna gani ili nifike Jumamosi na gumba liweze kubonyeza, nibaki na tyubu au nitafute bendeji ile ya kuvutika, baada ya hapo nitapumzika, naapa. Mimi ni mjukuu wa Kong. Nikishindwa na mkono tu, nitamtazama vipi usoni?

Nyuon, Kakuma

*

Jibu la Shangazi Napeyok, kama lilivyosikika hewani

Nyuon, ejok, nakusalimu. Kata huo mpira wa tyubu. Usinisikilize kwanza, kata. Mpe Nyariek wembe au kisu cha jikoni akate yeye, kwa sababu leo una mkono mmoja na akili nusu. Sisi hapa tunangoja.

Ninyi wasikilizaji wengine mnisamehe, najua kuna mama wa Lowarengak aliyeahidiwa kujibiwa leo kuhusu mumewe. Mama, mumeo hataharibika zaidi ya alivyo, nawe vumilia. Barua hii imeruka foleni kwa sababu nimempigia huyu kijana simu tangu asubuhi na simu yake imezimwa, nikaona redio ndiyo njia fupi ya kufika Kakuma. Nimekaa kwenye kiti hiki muda mrefu, nimesomewa ya ndoa, ya wachawi na ya mbuzi waliopotea Namoruputh, lakini mtu kunusa mkono wake mwenyewe na kudhani ni kitoweo, hilo sijawahi kulisikia, na nilipolisoma niliiweka simu juu ya meza nikaenda kusimama dirishani.

Umekata? Basi nikugombeze vizuri.

Wewe unasema maumivu yaliisha. Mwanangu, hayakwenda popote. Mkono ulikuwa unakupigia simu na wewe ukazima simu, kama hiyo yako ilivyozimwa sasa. Kubonyeza kutwa nzima bila kupumzika kulishakibana kifundo cha mkono mahali inapopita mishipa ya fahamu ya gumba na vidole vyake, ndiyo ile ganzi ya mwanzo, na hapo ungeambiwa tu upumzike, ukapona. Badala yake ukaongeza mpira juu. Nimezungumza na daktari mmoja wa viungo hapa mjini, nikamsomea maneno yako. Amesema mkono usiosikia moto, wenye vidole baridi vya kijivu, unapelekwa hospitali leo. Hakusema Jumamosi, wala hakusema ukimaliza mashindano. Leo hii, kwa sababu mkono wa namna hiyo unaweza kukatwa kabisa, na sitaki kulipamba neno hilo.

Usipake majivu wala dawa ya meno kwenye kiganja, kifunikwe kwa kitambaa safi, pete kama unayo ivuliwe. Damu ikianza kurudi utaumia sana. Usifunge tena hata ukiona unakufa. Hapo ndipo utakapotaka kufunga, na ndiyo maana sitaki uende peke yako, Nyariek akae nyuma yako kwenye bodaboda mpaka mlangoni kwa daktari.

Sasa tuje kwa babu. Fundi mitambo wetu hapa anaitwa Both, Mnuer mwenzako, na nilipofika kwenye ile hadithi ya bangili alivua vile vidude vya masikioni akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Babu alivaa mkono gani?" Nikamwambia kushoto, kijana ameandika mwenyewe. "Na huyu amefunga gani?" Nikamwambia wa kulia. Both alishika kichwa.

"Mama," akaniambia, "mkono ya mkuki hakuna mtu anafunga."

Umesikia, Nyuon? Both amenieleza kwamba wazee wake walibana mkono wa kushoto makusudi ili usifanye kazi, kama vile walivyolipinda pembe la kushoto la ng'ombe dume waliyempenda. Kijana aliutoa mkono ule kwa hiari yake mbele ya watu, na ule wa kulia aliulinda, kwa sababu ndio uliokuwa unachunga ng'ombe na kurusha mkuki. Zile bangili hazikuwa dawa ya maumivu, na hakuna aliyezivaa ili apate nguvu ya kufanya kazi na mkono huohuo uliofungwa. Umeisikia hadithi ile tangu utotoni na ukaruka neno moja tu, kushoto, na neno hilo lilikuwa mbele yako hata ulipokuwa unaniandikia. Uliufunga mkono wako wa mkuki, tena kwa siri, chini ya shati, ukamdanganya mzee kuwa ni chai.

Kuhusu Lodwar, sikiliza, najua hiyo safari ina maana gani kwako na sikuchekei. Kibali chako kinasema usafiri, hakisemi lazima ubonyeze. Daktari akikuruhusu, njoo na kitambaa chako mkononi, ukae nyuma ya Biar na umwambie apige pasi wapi, maana ujuzi wako hauko kwenye gumba peke yake. Ndiyo, Biar, huyohuyo mwenye mdomo. Na Biar, kama unasikiliza hapo bandani, paji la uso la mwenzako sio lako, kaa nalo mbali. Magloire, wewe mwenye banda, weka sheria kwamba mtu akikung'uta vidole anaacha padi na kuinuka, anatembea mpaka sokoni na kurudi, na anayecheza kutwa nzima umfukuze hata kama ndiye anayekujazia benchi. Usiniambie ni biashara.

Na wewe Nyuon ukipona usirudi kwenye padi mpaka uambiwe, na ukirudi, cheza kidogo, pumzika, kifundo kisipindwe, na ganzi ikianza ndio mwisho wa mechi hata kama umebakiza penalti. Hayo ndiyo yangu. Mzee Kong, sijui kama redio iko karibu, nimekuachia Both azungumze nawe kwa lugha yenu, kwa sababu mimi Kiswahili changu hakifiki huko.

Wasikilizaji, Both amezungumza, sikuelewa hata neno moja ila jina la Nyuon, na alipomaliza alifuta uso. Tuweke muziki kidogo.

Zimeni muziki. Nina simu kutoka Kakuma, ni Nyariek, wacha niwaambie anavyoniambia. Anasema redio ilikuwa kwa jirani, mzee alisikia jina lake na kuinuka, na alipomsikia Both alimwita Nyuon atoke nje. Alikunja mkono wa lile shati, akaikata tyubu kwa kisu chake mwenyewe, na sasa amemshika mjukuu wake mkono na hauachii, bodaboda wameshaiita. Nyariek, na huyo ninayemsikia nyuma yako ni nani?

"Ni Nyuon, Shangazi. Analia. Anasema inauma, vidole yote inauma."

Mshukuruni Mungu, inauma. Na babu anasemaje?

"Babu anasema na yeye alilia, siku walimtoa bangili. Anasema hiyo ndio hakutuambia."

Basi mwacheni alie, Nyariek, alie mpaka hospitali, na mzee aende naye.