Jina la Kessy kwenye Mizani

Kurasini, Jumanne, Machi 1996

Na bado nacheka peke yangu chumbani.

Kessy, fundi mwenzangu, aliiba programu niliyoiandikia mizani ya malori, akamwambia bosi ni yake. Kisha akaongeza jina lake liwe linapita kwenye kioo. Hakujua kumbukumbu ya chipu inayoiendesha mizani ni finyu na nilishaijaza karibu yote. Jina lake likaangukia palepale panapotunzwa uzito, likauvuruga.

Leo, mbele ya wateja, mizani ikasema lori tupu ni zito kuliko lililobeba kontena. Kessy akazima, akawasha, jasho likamtoka.

"Sista Rehema, hebu msaidie," bosi akasema.

"Kwani aliyeiandika si yeye?" nikasema. "Atuambie uzito unakaa wapi kwenye kumbukumbu."

Mwishowe Kessy akakiri mbele za watu kwamba programu ni yangu. Ndipo nikalifuta jina lake, mizani ikasoma sawasawa.

Jioni alinisubiri getini. "Umenidhalilisha, dada."

"Bado," nikamjibu.

Sijui hata nitamfanya nini. Kinachonitisha ni utamu niliousikia nilipolitamka neno hilo.