Alama Moja kwenye Pini ya Kreni

Mpendwa Shangazi Merle,

Naomba unisikilize kwanza ndipo unigombeze. Mimi ni mwanahesabu hapa mjini Wollongong na kazi yangu ni chuma, ingawa sikishiki, kwa sababu chuma ukikitazama ndani kabisa ni chembe zilizopangwa safu kwa safu, na hapa na pale safu imekatikia njiani, na kikibebeshwa mzigo safu hizo zilizokatika hutembea na kusongamana, zikisongamana sana ufa huzaliwa, nami huandika milinganyo ya kubashiri utazaliwa lini. Miaka mitano iliyopita milinganyo yangu ilisema pini mpya inayoshikilia mkono wa kreni moja kule bandarini itadumu miaka kumi na mmoja, wenye kreni wakafurahi, wakaacha kuikagua kila mwaka, na profesa wangu, Alistair, akapata sifa ambazo Ijumaa hii zitamletea medali. Mwezi Mei nikagundua kwamba mahali pa alama ya kutoa niliweka ya kujumlisha. Nikikokotoa upya, pini inadumu miaka mitano.

Nilimwambia Alistair. Akamimina chai, akasema, "Vesna, chuma hakisomi makala zetu. Tutasahihisha baada ya sherehe, wewe tulia." Nikatulia, Shangazi, ila kaka yangu Goran hufunga mizigo chini ya kreni ile ile kila Jumanne, basi kila Jumanne nampigia simu, mara mashine ya kufulia imemwaga maji, mara nyoka kaingia bafuni, mara mgongo umenikamata, naye anaacha kazi anakuja, maskini, na kisanduku chake cha vifaa. Sasa amepewa barua ya onyo. Juzi kaniuliza, "Dada, huyo nyoka wako ana kalenda?" Nikacheka hadi machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko. Nifanye nini nimlinde kaka yangu bila kumvunjia profesa heshima?

Vesna

*

Vesna (majina nimeyabadilisha, usiogope),

Pole, mwanangu. Sasa kaa chini. Umeuliza namna ya kumlinda kaka mmoja. Je, hao wengine wanaopita chini ya kreni hiyo? Dada zao hawajui hesabu, ndiyo maana wao Jumanne walikwenda kazini. Hilo ndilo lililonikera, si ile alama. Kukosea tunakosea wote. Mimi niliwahi kumshauri mwanamke aolewe na mwanamume ambaye, kumbe, nilishamshauri mwanamke mwingine amwache.

Barua yako niliipata Jumatatu asubuhi, na gazeti lenye ukurasa huu wangu wa ushauri hutoka Alhamisi. Sikungoja. Nilimpigia msimamizi wa usalama bandarini, nikamsomea barua bila jina. Akauliza, "Huyo aliyeandika ana uhakika?"

Nikamjibu, "Kila Jumanne."

Kreni ilisimamishwa siku hiyo hiyo. Jana waliitoa pini: ina ufa wenye urefu wa ukucha wa kidole gumba. Hongera, hesabu yako ya pili ni sahihi.

Andika masahihisho leo, kwa jina lako peke yako, uyapeleke kwenye jarida lililochapisha kosa. Nakala mpe Alistair mkononi. Akitaka kupanda jukwaani kesho, apande akijua. Kisha nenda kwa mkubwa wa kaka yako umweleze, ile barua ya onyo ifutwe.

Lakini kabla ya yote, Goran. Usimtumie ujumbe wa simu. Gazeti hili hufika kantini ya bandari saa tatu asubuhi, na wale jamaa huanza na ukurasa wangu; majina nimebadilisha, lakini nyoka wako watamtambua. Vaa viatu uende.

Shangazi Merle