Kumpenda Mama Mkwe kwa Maelekezo ya Kitabu

Jumamosi, Kayanga. Mvua imeanza asubuhi na haina dalili ya kuchoka. Cherehani nimeifunika, wateja hakuna, na mimi nina furaha ambayo sijui niipeleke wapi. Wacha niiweke hapa.

Lakini nianze na aibu. Alhamisi mama mkwe aliponiambia, "Jumapili naenda kwangu," nilifurahi. Nilimjibu "sawa, mama" kwa sauti ya masikitiko, nikaingia jikoni, nikashika ukingo wa meza na kumshukuru Mungu.

Halafu nikakumbuka jicho.

Mama alikuja kwetu kutoka Songambele kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja limeshafanywa, limefunikwa, na Jumatatu anatakiwa kurudi kwa daktari aliangalie na kumpangia la pili. Akiondoka Jumapili, hiyo Jumatatu haipo. Namjua. Akishawafikia ng'ombe wake hatoki tena, na hilo jicho la pili litazimika hivi hivi. Mpaka anakuja huku, ng'ombe wenyewe alikuwa anawatambua kwa mlio.

Mume wangu yuko safarini na lori la kahawa. Nilipompigia kumweleza, aliniuliza swali moja tu: "Umemfanyia nini mama?"

Nilikata simu, nikalia kwa hasira. Nimemfanyia nini? Namtilia dawa ya matone, namwogesha, namchemshia maziwa, na yeye hayagusi. Chai yangu anasema ni maji ya kunawia. Ndizi zangu zimepikwa na mtu mwenye haraka. Hata jina langu halitumii. Akiongea na ndugu zake kwenye simu mimi ni "huyu wa Kituntu", utadhani Kituntu nilikozaliwa ni ugonjwa.

Sasa, kitabu. Adventina, mwenzangu wa kwaya, aliniazima wiki hii kitabu chembamba kinachohusu kuwapenda watu wagumu kupendeka. Alinipa bila kusema neno, akanitazama tu, nikaelewa kwamba kwaya nzima inajua habari za nyumbani kwangu.

Nilikisoma kwa ugomvi. Mwandishi anataka uanze kwa kukiri kabisa kwamba mtu huyu anakushinda, bila kujipaka utakatifu. Hapo tulielewana. Kisha anauliza kama unataka kumpenda huyo mtu, au unataka uonekane unampenda. Nilikifunga kitabu. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu, nimenuna, kwa sababu nilijua jibu.

Mbele kidogo anasema mtu mgumu kupendeka mara nyingi ni mtu ambaye hatujamuuliza chochote. Tunamhudumia, tunamvumilia, tunamwombea, ila hatumuulizi. Nikasema moyoni, huyu mwandishi hajawahi kuishi na mama mkwe wangu. Lakini nilipojaribu kukumbuka swali lolote nililowahi kumuuliza mama, ukiacha "umeshiba?" na "bado inauma?", sikulipata.

Basi leo asubuhi nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba ya kutokea puani. Sikukimbilia jikoni kama kawaida yangu. Nimekaa chini, kwenye mkeka, mbele yake. Nikamuuliza, "Mama, kitu gani kimekushinda hapa kwangu?"

Mvua inapiga bati. Nikadhani hajasikia, nikataka kurudia, kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia.

"Kibuyu changu," akasema.

Kibuyu. Alipokuja alibeba kibuyu cha maziwa, amekifunga kwenye kitenge. Nilipokifungua kikaniletea harufu ya moshi, na ndani kuna weusi weusi. Nikajua kimekaa karibu na meko, masikini, na yeye haoni vizuri, atajuaje kama ni kichafu? Nikakiosha kwa sabuni ya unga. Nikakisugua mpaka ndani kwa stilwaya ya masufuria, nimeifunga kwenye fimbo. Nikakianika juani, na nikajipongeza.

Sisi kwetu ni watu wa migomba na maharage. Maziwa tulinunua, tukachemsha, basi. Sikujua, mpaka leo aliponieleza, kwamba kwa wafugaji ule moshi ndio usafi wenyewe, kwamba kibuyu hufukizwa kwa nyasi zake maalumu, mara kwa mara, miaka na miaka, na hiyo harufu ndiyo inayoyafanya maziwa yaitwe maziwa. Kile alipewa na mama yake alipoolewa.

Nikamuuliza kwa nini hakunigombeza siku ile ile, yeye ambaye amenigombeza mpaka kwa namna ninavyofunga mlango.

"Ningekugombeza vipi? Ulikiosha kwa moyo mzuri. Mtu wa hivyo nimejaribu kumpenda, nimeshindwa. Nikaona bora niondoke."

Jamani.

Siku zote hizi nimejiona mimi ndiye mwenye kazi ya kupenda na yeye ndiye mgumu. Kumbe na yeye alikuwa upande wa pili anasali apewe uvumilivu kwa ajili yangu. Nimecheka. Sikukusudia, kicheko kimetoka tu pamoja na machozi, na nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Yeye hakucheka. Ameniuliza nacheka nini.

Nikamuuliza kama kibuyu kinaweza kupona. Akasema kinaweza, kikipata mtu mwenye akili. Kisha akaniagiza nimletee begi lake. Ndani kulikuwa na kifungu cha nyasi kavu ambacho mimi nilikuwa nimeshakiona na kukidhania ufagio ulioisha.

Daktari amemkataza moshi na kuinama. Kwa hiyo kazi nimefanya mimi, nje, chini ya paa la jiko, na yeye sebuleni, madirisha yamefungwa. Nafukiza, nampelekea anuse, ananirudisha. "Umekichoma." Narudi. "Bado kinanuka duka." Narudi tena. Macho yangu yamevimba kuliko jicho lake lililofanywa.

Je, nampenda sasa? Sijui, na leo hilo halinisumbui. Bado ana mdomo. Mchana amesema ndizi zangu leo zimeiva, halafu akaongeza kwamba labda ni njaa yake. Ila ile kazi ya kujilazimisha nijisikie vizuri juu yake nimeitua, na nyumba imekuwa na nafasi ya kupumua. Adventina nitamrudishia kitabu chake. Sitamwambia kwamba kimenisaidia, maana kwaya nzima itajua kabla ya misa.

Jioni hii ndugu zake wamempigia simu kutoka Songambele kuuliza kesho waje kumpokea stendi saa ngapi. Nilikuwa nakunja nguo chumbani, nikasimama na shuka mkononi. Nikamsikia anawajibu kwa ukali wake ule ule.

"Msije. Jumatatu nina daktari. Na Jeneroza hajui kufukiza, nikimwacha sasa hivi ataharibu."

Jeneroza ni mimi.