Papa Hakuwa Mwigizaji Wako

Héritier, rafiki yangu wa zamani,

Sikuulizi habari za Kinshasa, maana nazisikia hata nisipotaka. Wiki iliyopita nilikuwa natengeneza redio ya mteja, nikasikia sauti yako ikieleza ulivyoanza kazi ya filamu hapa Kisangani tulipokuwa wanafunzi. Ukasema ile filamu yetu ya kuchekesha ilipendwa kwa sababu ya baba yangu, Papa Alphonse, na kwamba alikubali mwenyewe kuigiza, tena alicheka kuliko wote. Nikaizima redio ya watu kwa kofi.

Unaikumbuka vizuri, usijifanye. Tulijidai ni wataalamu wanaochunguza maisha ya mnyama wa ajabu, kijana wa mtaa wetu wa Mangobo, na mnyama mwenyewe ni mimi. Ulibana pua ukasoma kwa Kifaransa kizito: kijana huyu huamka, hunusa soksi zake zote mbili, kisha huchagua ile yenye nafuu. Nikapiga pasi shati upande wa mbele tu, kwa kuwa mgongo utafunikwa na mkoba. Nikapanda toleka, zile baiskeli zetu za abiria, nikamwomba mwendeshaji apite mbele ya nyumba ya kina Rachel, ageuze, apite tena polepole. Tulicheka mpaka tukaharibu picha, tukarudia. Hayo niliyaigiza kwa hiari yangu, na mpaka leo yananichekesha.

Lakini papa hukumwomba. Mama alikuwa amefariki, dada yangu ameolewa Yanonge, na kwetu mwanaume hatwangi pondu. Papa alitwanga. Alifunga mlango, akashusha pazia, akatandika gunia chini ya kinu ili majirani wasisikie mchi. Wewe ulijua, maana ulikuwa mtoto wa nyumba, unakula kwetu karibu kila siku. Ukachomeka simu ya tonton, yule mjomba wako, kwenye upenyo wa dirisha, ukampiga picha akitwanga yale majani ya muhogo, jasho likimtoka, kitenge cha mama kikiwa kiunoni. Juu yake ukaweka ile sauti yako ya puani: "Na huyu ndiye jike, mama wa mnyama wetu."

Kipande hicho mimi nilikiona siku ya sherehe ya shule, pamoja na watu wote. Papa alikuja na koti lake la harusi, akakaa mstari wa mbele kwa sababu nilimwambia mwanawe ndiye nyota. Ukumbi ulicheka. Walimu walicheka. Nilipomgeukia papa, alikuwa anayatazama magoti yake. Kesho yake, kibandani kwake anapotengenezea baiskeli, waendesha toleka wakaanza: "Mama Alphonse, pondu iko tayari?" Hakutwanga tena. Tukala mikate mpaka nikamaliza shule, na jina hilo analo hadi leo. Wewe ulikwenda Kinshasa bila hata kuja kutuaga.

Sasa umeniandikia. Unakuja mwezi ujao kuonyesha filamu zako kwenye ukumbi uleule, nakala yako imepotea, na kadi ya kumbukumbu ya ile simu, yenye picha zetu zote, ninayo mimi. "Mon frère, nitumie, tutacheka tena kama zamani." Bon. Nimekutayarishia.

Umesahau kwamba wakati wa mapumziko simu nilikuwa nashika mimi. Humo kwenye kadi umo wewe, umechuchumaa kando ya sufuria ya papa, unalamba mwiko, unasema kinywa kimejaa: "Papa Alphonse, iko bado kidogo?" Siku nyingine, shati jingine, swali lilelile. Nimeviunganisha vipande vyote, nikabana pua kama wewe, nikamwelezea mnyama huyu anayekula kwa watu kisha anawauma. Mama yako nimeshamwalika. Nataka ukumbi ukucheke mpaka utafute mlango, na sioni haya kulisema. Nimeisubiri siku hiyo kwa hamu.

Ilibaki sauti ya kumalizia, nikataka iwe ya papa, akutukane atakavyo. Juzi nilimwonyesha filamu nikiwa ninamrekodi. Alitazama hadi mwisho, hakucheka. Kisha akasema: "Huyu mutoto alikuwaka na njaa sana. Ile siku ya fête nilimutwangia pondu asubuhi, nikamubakishia sahani yake. Hakurudiaka kuikula."

Mimi nilikuwa nimekuandalia matusi ya kila aina. Nimeyafuta yote. Maneno ya papa ndiyo yatakayofunga filamu, bila muziki, uso wako ukiwa umejaa ukuta mzima. Ukiyasikia, usigeuke nyuma kunitafuta mimi. Papa atakuwa amekaa karibu yako.

Njoo salama.

Mimi, mtoto wa Papa Alphonse